Gredi ya Juu

Shemeji yangu haamini kitu kisicho na gredi. Mchele, mabati, hata kuku, lazima muuzaji atamke "namba wani" ndipo pochi ifunguke. Basi alipojiunga na wauza mafuta ya mimea, wale wa semina za Jumamosi na makofi mengi, alirudi na vichupa vyenye maandishi ya dhahabu: GREDI YA TIBA, SAFI ASILIMIA 100. Bei ya kimoja ingetutosha nyama ya sikukuu.

Gredi hiyo haina msimamizi. Kampuni hujipa yenyewe, kama mwanafunzi aliyejisahihishia mtihani. Vipimo vya kimataifa vya ISO vipo, ila havisemi yapi yanatibu. Vinaeleza mafuta ya mmea fulani yawe na nini ndani, kwa kiasi gani. Mkarafuu peke yake una vitatu: ISO 3141 cha majani, 3142 cha karafuu zenyewe, 3143 cha makonyo, yaani vikonyo vyake.

Mama mkwe hakuhitaji namba. Ni mtu wa Pemba, na kule Wawi makonyo yana kiwanda chake. Alikinusa kichupa cha karafuu cha mwanawe, akaagiza glasi ya maji, akadondosha. Tone likaelea kwa raha zake.

"Mafuta ya karafuu mazito kuliko maji, baba. Huzama. Haya ni ya kupikia, yamepita tu jirani na karafuu."

"Mama, haya ni gredi ya juu. Ndiyo maana yanakaa juu."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mwenyewe hakucheka.

Ukitaka madaraja yenye maana, nenda Komoro kwenye mlangilangi. Mafuta ya saa za mwanzo mtamboni huitwa ekstra, hayo ndiyo ya manukato ghali; kisha la kwanza, la pili, hadi la tatu, ambalo aghalabu huishia kwenye sabuni. Ua ni lilelile, kinachotofautisha ni saa. Kwenye karafuu mambo yamepinduka: mafuta ya makonyo, ambayo ni ya bei rahisi, mara nyingi yana yujenoli, ile inayotia ganzi, kuzidi asilimia 90, kupita ya karafuu zenyewe. Mtengeneza manukato atataka ya karafuu kwa harufu yake laini. Anayetafuta yujenoli atachukua makonyo bila kusita. Nani hapo ni namba wani?

Mama mkwe akamhurumia mwanawe aliyekuwa akilalamikia jino. Akatoa mkobani kichupa cha makonyo kisicho na maandishi yoyote, akamwambia achanganye tone moja na kijiko cha mafuta ya nazi. Lakini muumini wa asilimia 100 hachanganyi. Aliyapaka matupu, asubuhi ya semina, tena kwa ukarimu.

Alipanda jukwaani ufizi unawaka, mdomo umekufa ganzi, machozi yanamtiririka, hawezi kutamka hata "karafuu". Akabaki kuinua kichupa na kutikisa kichwa. Nasikia hajawahi kuuza kama siku hiyo.