Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha akiba na mikopo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kama si uzito wa jambo lenyewe, nisingethubutu kukuandikia mbele ya watu. Mimi ni mhudumu wa saiba hapa sokoni Marani, na wanachama wako wengi, hasa kina mama wa ndizi, huja kwangu kulipia mikopo yao kwenye tovuti ya chama.

Siku ya soko kuna wanaoandikiwa kwenye skrini kwamba hifadhidata imefungwa. Wengine, na hao ndio wanaoniumiza moyo, pesa zinakatwa M-Pesa na salio la mkopo halisogei. Tumesikia kuwa chama kinataka kununua seva kubwa zaidi. Niwie radhi Mheshimiwa, nakusihi pesa hizo zisitoke kwanza.

Ujumbe ule wa skrini ni wa SQLite, hifadhidata aliyoitoa D. Richard Hipp mwaka 2000. Ni imara sana, ila humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, na kufuli lake hushika faili nzima. Kuandika malipo mamoja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mbona basi kufuli linakawia?

Nimetazama jambo moja tena na tena. Mama analipa, simu yake inapokea SMS ya chama kwamba deni limepungua, lakini kwenye skrini yangu salio ni lile la zamani. Baada ya muda ndipo linabadilika. Kwa hiyo naamini skripti ya malipo ya tovuti inafungua muamala kwenye hifadhidata, inapunguza deni, inatuma SMS na kungoja jibu la kampuni ya ujumbe, ndipo inafunga muamala. Muda huo wote malipo ya wengine yanagonga mlango uliofungwa. SQLite isipoagizwa kusubiri hukataa papo hapo, na malipo hayo hayaandikwi. Seva kubwa haitaiharakisha kampuni ya ujumbe.

Naomba wataalamu wako waichunguze skripti hiyo. Muamala ufungwe kwanza, SMS ifuate. Ndivyo pia mwanachama hatatumiwa habari ya deni lililopungua ambalo halikuandikwa. Hifadhidata iagizwe kusubiri sekunde kadhaa kabla ya kukataa. Wakiwasha WAL, hali ya SQLite ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya kando, iliyokuja na toleo 3.7.0 mwaka 2010, wanaosoma salio hawatazuiwa na anayeandika, mradi faili ikae kwenye diski ya seva yenyewe, si diski ya mtandao.

Kabla ya hayo yote, Mheshimiwa, nakuomba kwa unyenyekevu uagize taarifa za M-Pesa zilinganishwe na vitabu vya chama, na riba iliyotozwa kwa malipo yaliyopotea irudishwe kwa wenyewe.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa saiba, Marani