Erlang Hakuwahi Kuvuka Likoni

Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa fomula ya kukadiria uwezekano wa mpigaji kukuta njia zote zimejaa. Wahandisi wa minara ya simu wanaitumia hadi leo. Hesabu safi, ila ina sharti: kila mtu apige kwa wakati wake, bila habari na mwenzake.

Masikini, hakuwahi kukwama kwenye kivuko cha Likoni saa 12 jioni. Feri ikichelewa, umati mzima unachomoa simu kwa pamoja: mke aambiwe wali usubiri, mdai aambiwe “niko njiani”. Hapo hakuna cha wakati wake wala wangu. Sote ni mpigaji mmoja mwenye vichwa elfu. Mnara nao umesimama, unatutazama kama mgeni mwalikwa.

Wapangaji wa mitandao mara nyingi huridhika simu mbili katika mia zikikwama. Sina ugomvi. Nashangaa tu kwamba hizo mbili, kila jioni, zote ni zangu.

Basi anayetaka kuhesabu njia za mnara wa Likoni, aanze kwa kuhesabu feri zinazotembea.