Kompyuta Inayohama Bila Kutoka Sebuleni

Miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyodhaniwa kuwa vimetulia, kompyuta ya mezani ndiyo inayohama kuliko vyote, kwa maana inaweza kukaa miaka sita juu ya meza ileile, imefunikwa kitambaa kilekile cha kufuma, na bado ikawa imebadili makazi mara mia mbili bila mtu yeyote wa nyumba hiyo kusikia kitu kikiburutwa. Kinachohama ni anwani yake ya IP, yaani namba ambayo mtandao huitumia kujua pa kupeleka ujumbe, na ambayo kwa nyumba nyingi si mali ya mwenye nyumba bali ni ya kampuni inayomuuzia intaneti. Namba za mfumo wa IPv4, ambao ulianza kutumika rasmi mwaka 1983 na ungali unatumika kwa wingi, hazizidi 4,294,967,296, idadi iliyoonekana kubwa mno wakati kompyuta zilipokuwa mali ya vyuo na majeshi. Lakini Februari 2011 ghala kuu la dunia lilizigawia ofisi za kanda mafungu yake ya mwisho, na tangu hapo watoa huduma wengi wamekuwa wakizitoa namba hizo kwa mkono wa birika.

Ugawaji wenyewe hufanywa na utaratibu uitwao DHCP. Ruta, yaani kile kisanduku chenye taa za kupepesa kinachounganisha nyumba na mtandao, huomba namba kila kinapowashwa, hupewa kwa muda maalumu, na huomba kuongezewa kabla muda huo haujaisha. Kikizimika na kuchelewa kurudi, namba yake huweza kupewa mwingine, kama kitanda cha nyumba ya wageni. Serikali ya Tanzania ilipoendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, nyumba zilipewa namba, na kibao kikishapigiliwa ukutani hakibadiliki eti kwa sababu umeme wa LUKU umeisha usiku. Kompyuta iliyo nyuma ya ukuta huohuo haijapata bahati hiyo.

Anayekaa nyumbani hali hii haimsumbui, kwa kuwa yeye ndiye anayetoka kwenda kuutafuta mtandao, na mtu anayetoka hahitaji kujua namba ya mlango wake mwenyewe. Shida humpata anayetaka kurudi kwa njia ya mtandao akiwa mbali. Mwenye kompyuta anayezungumziwa hapa, ambaye mwandishi anamfahamu kwa ukaribu usiompa fahari, hukaa Kinondoni na hutumwa Dodoma kikazi mara kwa mara, na kila safari husahau nyumbani faili moja tu, ambalo ndilo hasa alilotumwa nalo.

Safari ya kwanza alibeba namba ya nyumbani kwenye kipande cha karatasi, ikawa sahihi mpaka Morogoro, ambapo, kama ilivyobainika baadaye, umeme wa Kinondoni ulikatika kwa dakika arobaini. Alipompigia simu mama yake, akamwamkia, akaulizia afya na mvua, kisha akamwomba amsomee zile namba zilizoandikwa karibu na kompyuta, mama alizisoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusomewa risiti, moja baada ya moja, mpaka zikatimia ishirini. Anwani ya IPv4 ina mafungu manne, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, kwa hiyo tarakimu zake haziwezi kuzidi kumi na mbili; ishirini ni za tokeni ya umeme. Mama, alipoelezwa hivyo, aliuliza swali ambalo mpaka leo halijapatiwa jibu la heshima: “Sasa baba, umeme wa Dodoma nao unaingizwa kwa namba za huku?”

Mpwa wake wa darasa la tano, aliyekabidhiwa simu baada ya hapo, alisoma vizuri zaidi na kwa madaha, akataja 192.168.1.5, ambayo ni anwani halali kabisa na isiyo na manufaa yoyote. Namba zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, ambapo kila nyumba duniani inaruhusiwa kuzitumia bila kuuliza jirani. Kumpa mtu wa nje namba hiyo ni sawa na kumwelekeza “chumba cha tatu mkono wa kushoto” bila kumtajia mtaa wala mji.

Hapo ndipo mwenye kompyuta aliposoma habari za jina linalofuata namba. Mtandao una mfumo wa majina, DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ambao kazi yake ni kubadili jina linalokumbukika kuwa namba isiyokumbukika. Na ziko huduma zinazompa mtu jina la bure, kisha programu ndogo iliyomo katika kompyuta yake huzitumia habari kila baada ya dakika chache kwamba jina lilelile sasa liko kwenye namba nyingine. Ni ustaarabu wa mpangaji anayewaachia majirani taarifa kila anapohama, na ukifungwa vizuri hufanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Mwenye kompyuta hakuufunga vizuri. Programu aliyoiandika mwenyewe, kwa kuwa aliona zilizoandikwa na wengine zina maelezo marefu, iliiuliza kompyuta namba yake badala ya kuuliza nje kwamba nyumba inaonekana kwa namba gani, na kompyuta, isiyojua dunia nje ya ruta, ikajibu 192.168.1.5.

Kwa hiyo jina lake, alipoliita kutoka chumba cha nyumba ya wageni huko Dodoma, lilimpeleka kwenye 192.168.1.5 ya nyumba hiyo ya wageni, na huko palikuwa na kifaa kilichoitikia. Alikuwa akitumia SSH, njia ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa maandishi yaliyofumbwa, ambayo Tatu Ylönen aliitunga mwaka 1995 akiwa Finland, baada ya mtu kutega katika mtandao wa chuo kikuu na kunasa maneno ya siri ya watumiaji. SSH hukumbuka alama ya utambulisho wa kila kompyuta, na ikikuta imebadilika hupaza sauti kwa herufi kubwa kwamba huenda kuna mtu anafanya jambo baya. Ilipaza. Mwenye kompyuta, aliyekwisha kuzoea makelele hayo kama watu wa barabarani walivyozoea honi za daladala, alifuta kumbukumbu ya zamani, akakubali mpya, akaandika neno lake la siri mara tatu, na mara tatu akakataliwa na kitu ambacho kesho yake mhudumu wa mapokezi alikitambulisha kuwa printa. Chombo kilichobuniwa ili maneno ya siri yasiibwe kilikuwa kimetumika kuyapeleka kwa hiari.

Programu ilirekebishwa, jina likaanza kuonyesha namba ya kweli, na bado mlango haukufunguka, safari hii kwa sababu isiyo kosa lake. Kampuni yake ya intaneti, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa si peke yake, ilikuwa imewaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje, na kila mmoja wao kumpa namba ya ndani inayoanza na 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba mia na geti moja, na mlinzi wa geti huruhusu kila anayetoka na kumpokea anapojibiwa, lakini mgeni anayebisha hodi kutoka nje humrudisha, kwa kuwa hajui anamtafuta nani. Jina zuri kuliko yote humfikisha mtu getini tu.

Tiba ni kugeuza safari. Kompyuta ya nyumbani hutoka yenyewe kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani isiyobadilika, hufungua njia, na kuikalia. Mwenye kompyuta naye huenda kwenye seva hiyohiyo, wakakutana. Alitumia WireGuard, programu ya kufungua njia ya namna hiyo, ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, akaiagiza itume neno tupu kila baada ya sekunde 25 ili geti lisijifunge, kama msikilizaji wa hadithi anayeitikia “enhe” ili bibi asidhani amelala. Akabadili pia mpangilio wa kompyuta ili umeme ukirudi iwake yenyewe, jambo ambalo kwa kawaida haifanyi, na ambalo lilikuwa limemgharimu safari mbili za kulaumu mtandao wakati mashine ilikuwa imezimika.

Usiku wa kwanza Dodoma kila kitu kilifanya kazi, na faili likafunguka kwa mbofyo mmoja. Asubuhi ya pili kimya. Aliikagua seva, akaikagua njia, akasoma kumbukumbu za usiku mzima na kukuta “enhe” za kila sekunde 25 zikiendelea mpaka saa kumi na mbili na dakika tano, zikakoma. Alipopiga simu, dada wa kazi alimweleza kwamba sare za shule zilikuwa na mikunjo, na soketi ya karibu na meza ni moja.

Aliporudi alibandika juu ya plagi ya ruta karatasi ngumu yenye maandishi makubwa, USICHOMOE, na agizo hilo likatiiwa kwa ukamilifu. Safari iliyofuata, wakati “enhe” zilipokoma tena saa nne usiku, plagi ilikuwa mahali pake, imekaza, haijaguswa. Mama alikuwa amezima swichi ya ukutani ili kubana uniti, kwa kuwa karatasi haikusema lolote kuhusu kuzima.