Sifa za Cheni Iliyochakaa

Washairi wa pwani wamesifu majahazi, marashi na macho ya wapenzi wao, na vijana wa siku hizi husifu injini, taa na rangi ya tangi. Lakini sijapata kumwona mtu aliyeketi kwa utulivu, akashika kalamu, akaitolea taadhima inayoistahili cheni ya pikipiki iliyochakaa, ile inayoning'inia upande wa kushoto, imejaa vumbi na oili chafu, ikilalama kila gurudumu linapozunguka. Dhuluma hii imedumu vya kutosha, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, najitwika mimi kazi ya kuiondoa.

Nasaba yake si ya kubezwa. Cheni ya namna hii, yenye pini, bushi na vigurudumu vidogo vinavyojizungusha, ilibuniwa na Hans Renold, mzalia wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, akaipatia hataza mwaka 1880, miaka 5 kabla ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach kuunda pikipiki yao ya petroli huko Ujerumani. Kwa umri, basi, cheni ni mkubwa wa pikipiki, na mkubwa ana haki ya kunung'unika katika nyumba ya mdogo wake.

Sisi wanadamu umri hutukunja na kutufupisha. Cheni, kwa karama isiyo yetu, huzeeka ikirefuka. Wasiojua husema chuma kimevutika, na hawasemi kweli, kwani chuma ni kilekile, ila pini na bushi zimesuguana hata zikalika. Cheni ya namba 428, ambayo hufungwa katika pikipiki nyingi za bodaboda, ina milimita 12.7 toka pini hadi pini. Ikiwa na pingili 120, na kila pingili ikalika robo milimita tu, cheni nzima imejiongezea milimita 30, wala haikumwomba mwenye chombo hata senti moja kwa urefu huo.

Dereva mpya, aliyepata leseni juzi na kudhani kwamba ustadi wote umo katika mkono wa kulia unaovuta mafuta, hana mwalimu mwenye subira kuishinda cheni hii. Taa huungua bila salamu, na tairi hupasuka bila kuaga. Cheni huonya kwa majuma mengi, ikilia wakati wa kuondoka, ikishtua chombo klachi inapoachiwa, ikigonga kifuniko chake katika kila shimo, na huruka meno au kukatika pale tu ilipokwisha kupuuzwa kabisa. Na ikikatika haichagui mahali ovyo. Aghalabu huchagua mlimani, mahali mzigo ulipo mkubwa, ili dereva apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto apate wasaa wa kushuka na kuitazama milima ya Usambara, ambayo kwa mwendo wake wa kila siku asingeiona. Abiria naye hupata wasaa huohuo, ingawa shukrani zake husikika kwa lugha nyingine.

Haina choyo. Ile oili chafu inayomwagiwa na dereva aonaye mafuta maalumu ya cheni kuwa ni israfu, haili peke yake, bali huigawa kwa rimu, kwa suruali, na siku ya Ijumaa kwa kanzu ya aendaye msikitini. Akina mama, kwa kuijua tamaa yake ya kuvuta kila pindo lililolegea, hukusanya kanga na mabuibui yao kwa hadhari kubwa kabla ya kuketi. Na katika jambo hili, dhihaka kando, wanafanya vyema, kwa kuwa nguo iliyonaswa na cheni humwangusha mwenye nguo.

Lakini linalonishangaza kupita yote ni uaminifu wake kwa zile sproketi mbili, kubwa na ndogo, ilizolika pamoja nazo. Dereva mpya, kwa kubana matumizi ili hesabu ya jioni itimie, hununua cheni peke yake, akaivika juu ya meno ya zamani yaliyokwisha kupinda kama ndoana. Na meno hayo, kwa majonzi ya sahibu wao, humla mgeni kabla ya wakati wake. Ndiyo sababu mwuza spea mwenye insafu huuza seti nzima. Katika hizo mbili, ndogo hutangulia kuchoka, maana penye meno 14 mbele na 42 nyuma, kila jino la mbele hufanya kazi mara tatu kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Tena tazama jinsi inavyostaafu. Fundi amefungua kifuniko, bolti za sproketi ndogo zimekazana, na kila akizungusha spana, sproketi nayo yazunguka. Kijana mwenye haraka, aliyekwisha kuitoa cheni na kuitupa kwenye mchanga, hutoka jasho bure. Fundi mwenye maarifa huiacha kwanza mahali pake, akamwambia dereva akanyage breki ya nyuma. Gurudumu likashikwa, cheni ikakaza, sproketi ikatulia, bolti zikalegea. Mzee huyo amewashikilia mlango watu wanaomtoa nje, na ujira wake ni kutundikwa kwenye msumari wa gereji.

Nawe, dereva mpya, utakapoifunga iliyo changa, hakikisha alama za ekseli zinalingana pande zote mbili, na upande wa klipu uliozibwa uelekee inakokwenda cheni. Iache icheze milimita 20 hadi 30, au kadiri kitabu cha chombo chako kinavyosema, maana iliyokazwa mno huua beringi. Itazame tena baada ya siku chache. Na siku ya kuisafisha usiifute injini ikiwaka, kwani vidole vingi vimepotea kwa namna hiyo: zima, toa ufunguo, zungusha gurudumu kwa mkono, ndipo upake mafuta.