Idumu Mipaka ya Saa

Wako wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, mchumi Steve Hanke na mwanafalaki Richard Henry, wanaotaka kanda za saa zifutwe. Ikiwa saa kumi London, iwe saa kumi Tokyo na Tandahimba. Waungwana hawa, nadhani, hawajawahi kudaiwa.

Maana tangu mkutano wa Washington wa 1884 uiteue Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabu, hakuna kitu kilichowasitiri watu kama tofauti ya saa. Usipompigia ndugu yako aliyeko Minneapolis mwezi mzima, unasema ulihofia kumwamsha. Yeye asipotuma ada ya watoto, naye alihofia kukuamsha wewe. Undugu unadumu. Ondoa tofauti hiyo, itabidi mmoja wenu aseme ukweli, na ni koo ngapi zinazouweza?

Mswahili ana bahati ya ziada. Akiitwa mkutano wa mtandaoni saa tatu, ana haki ya kuuliza: ya Nairobi au ya London? Ya simu au ya mdomo? Jibu likipatikana, kikao kimeshafungwa kwa sala.

Tazama Rusumo. Dereva wa lori anaondoka upande wa Tanzania saa nne asubuhi, anavuka daraja la mto Kagera, na upande wa Rwanda ndiyo kwanza saa tatu na ushee. Amerudishiwa saa nzima, bila fomu wala mhuri. Ni wizara gani iliyowahi kumpa mwananchi zawadi kama hiyo? (Akirudi ananyang'anywa, lakini hayo ni ya kurudi.)

Au ingia kibanda umiza mwisho wa Oktoba, Waingereza wakisharudisha saa nyuma. Mechi ya Jumamosi iliyozoeleka saa kumi na moja jioni sasa inaanza saa kumi na mbili, na nusu ya watu hawana habari. Viingilio vimeshakusanywa, hakuna wa kurudishiwa. Muuza kahawa anazungusha kashata mara ya pili, na kocha anafukuzwa kazi pale pale kwenye benchi kabla mpira haujaguswa.

Samoa ndio waliofika kileleni. Mwaka 2011 walihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili biashara na Australia na New Zealand iwaendee vizuri, wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Fikiria mpangaji wa Apia aliyekuwa ameapa kwamba kodi atalipa Ijumaa.

China, nayo, tangu 1949 inafuata saa za Beijing kutoka mwisho hadi mwisho. Kashgar wakati wa baridi jua linachomoza saa nne asubuhi, na wengi huko wamejitengenezea saa zao za pembeni, nyuma kwa saa mbili.

Wanaoonewa ni Kigoma. Jua linawafikia takriban dakika 40 baada ya Dar, lakini ofisini wanatakiwa sawa na mtu wa Posta, ilhali ng'ambo ya ziwa, Kalemie ya Kongo, wenzao wanalala saa nzima zaidi kihalali. Naliomba Bunge lipitishe mpaka wa saa pale Tabora. Treni kutoka Dar ikichelewa saa moja, itakuwa imefika kwa wakati.