Adapta Inaingia, Kibodi Haisemi

Vijana wanaouza vifaa vya kompyuta Kariakoo wana sentensi moja, nao huisema kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Hiyo imepitwa, chukua mpya." Ukienda na kibodi, imepitwa. Ukienda na mausi yenye waya, imepitwa. Nahisi hata mimi mwenyewe wanataka kuniambia hivyo hivyo, ila wameshaniamkia, wanaona haya.

Kibodi yangu haijapitwa na chochote. Ni IBM Model M, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Ndani ina bamba la chuma, na chini ya kila kitufe kuna springi yake. Ina uzito wa zaidi ya kilo 2, kwa hiyo mwizi akiingia usiku sina haja ya kutafuta panga. Nilipewa na ofisi moja iliyokuwa ikitupa vitu vyake vya kale, na mpaka leo hakuna herufi iliyofutika. Hizi za plastiki ninazouziwa kama "orijino" hupoteza herufi A mapema mno, maana Kiswahili hakina huruma na herufi A. Mke wangu analalamika kwamba nikichapa usiku mlio wake unafika hadi chumba cha wageni. Nilimweleza kuwa huo ni mlio wa pesa inayoingia. Akauliza ipi.

Shida ni mkia wa kibodi hiyo. Mwisho wa waya kuna plagi ya duara yenye pini 6, ile waliyoileta IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2. Kompyuta zenyewe zimesahauliwa, jina limebaki kwenye tundu. Waliobuni mpango huo wakaona ni vyema tundu la kibodi na tundu la mausi yafanane kabisa, kisha wakayapanga jirani nyuma ya mashine, mahali ambapo mtu hafiki mpaka apige magoti. Rangi ya zambarau kwa kibodi na kijani kwa mausi zilikuja miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, baada ya watu wazima wenye familia zao kuinama chini ya meza kwa muda wa kama muongo mzima wakibahatisha. Na kwa vumbi la mji huu, zambarau na kijani zote huishia kuwa kahawia. Ukiisukuma plagi kwa nguvu bila kulenga, pini inapinda, nawe unakwenda kuazima kibano cha nyusi cha binti yako, naye anataka kujua cha nini. Tena usithubutu kuchomoa au kuchomeka mashine ikiwa imewaka, kwa sababu wapo waliounguza fyuzi ya kwenye bodi kwa haraka hiyo.

Hata hivyo tundu lile nililiheshimu. Lilikuwa gumu, lilikuwa kaidi, lakini halikudanganya. Uongo umeletwa na adapta.

Kuna kidude kidogo, cha kijani au cha zambarau, kinachojificha kwenye kiganja. Upande mmoja ni PS/2, upande wa pili ni USB. Muuzaji hukichokoa kwenye droo, akakichomeka mbele ya macho yako, akakuonyesha: "Si unaona, mzee? Imeingia." Naona. Kwa kuingia, hakina mpinzani. Nauliza, "Itafanya kazi?" Ananitazama kama mtu aliyekwisha kujibu. "Mzee, imeingia."

Sasa nimwambie nini? Kwamba ndani ya kidude hicho hamna kitu zaidi ya waya 4 zinazotoka pini hizi kwenda pini zile? Kilitengenezwa kwa ajili ya mausi na kibodi za zama za mpito, ambazo chipu yake ilijua itifaki zote mbili: ikichomekwa tundu hili inasema PS/2, ikichomekwa lile inasema USB. Kilikuja ndani ya boksi moja na mausi wake, kwa kazi ya mausi huyo. Akishakufa mausi, kidude kinabaki mjane kwenye droo la duka, na kinaozeshwa kwa kila anayepita. Kibodi ya muundo wa mwaka 1985 USB itaijulia wapi, wakati USB yenyewe ilitoka mwaka 1996?

Na tofauti ya vifaa hivi viwili si ndogo. Kibodi ya PS/2 ni mgeni anayepiga hodi: ukibonyeza kitufe tu, inaikatiza kompyuta shughuli zake na kusema nimefika. Cha USB kimelelewa vingine, hakisemi mpaka kiulizwe, na kompyuta ndiyo inayozunguka kuuliza, kwa mausi wa kawaida kama mara 125 kwa sekunde. Mpiga hodi ukimkutanisha na mwenye nyumba anayetaka kuita mwenyewe, kwa mkono wa waya 4 zisizo na akili, kila mmoja atasimama upande wake wa mlango mpaka Magharibi iadhiniwe.

Kinachotakiwa ni adapta yenye chipu ndani, ya kutafsiri. Mara nyingi ni waya mfupi wenye uvimbe katikati na mikia miwili, mmoja wa kibodi na mmoja wa mausi. Nilipoutaja, kijana akasema anao, ni uleule, tofauti ni kwamba huo unalipia urefu wa waya. Sikubishana, nililipia urefu. Hata hivyo, hapo pia usishangilie mapema: kibodi za kale zina hamu ya umeme, na baadhi ya adapta za bei ya kutupa haziwezi kuzilisha. Taa tatu za juu zinawaka mara moja, zote kwa pamoja, unaita watu waje waone, zinazima.

Bora ingekuwa adapta tupu hazifanyi kazi kabisa, tukajua moja. Lakini wapi! Kabla ya pini 6 kulikuwa na plagi nene ya pini 5, ya kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984. Ile ukiipatia kipunguzio cha kuifikisha kwenye PS/2, kipande kisicho na chipu wala akili, inachapa bila kinyongo, kwa sababu AT na PS/2 zinasikilizana. Unajisemea basi nimeelewa kanuni. Halafu mtu anakuletea kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981, plagi nene ileile, pini 5 zilezile, kipunguzio kilekile, na kimya. Hiyo ni ya ukoo wa XT, mazungumzo yake ni mengine. Kwa nje hakuna alama, hakuna onyo, hakuna hata rangi ya kufifia. Huko Apple nako, walikuwa na plagi yao ya pini 4 tangu 1986, nayo ikafanana na ya waya wa video. Mwaka 1998 walileta iMac bila tundu hilo, wakasema USB tu, na wenye vifaa vya zamani wakaanza safari ya kutafuta adapta tuliyoizoea sisi wengine.

USB wenyewe walituahidi amani. Plagi moja kwa kila kitu! Kwanza ikawa haiingii, unaigeuza, haiingii, unairudisha ulivyokuwa mwanzo, inaingia. Ajay Bhatt wa Intel, mmoja wa walioibuni, alikuja kueleza kwamba kuifanya iingie pande zote kungeongeza gharama. Sawa, nimeelewa hesabu. Mwaka 2014 wakatoa ile ya kuingia pande zote, USB-C, na ili tuifaidi wakaondoa ile nyingine kwenye laptopu nyembamba. Laptopu niliyonunuliwa na wanangu ina matundu mawili, yote USB-C, na moja ni la chaja. Kwa hiyo juu ya meza yangu sasa kuna kibodi, kuna adapta ya chipu, kuna adapta ya kuivusha adapta hiyo iingie kwenye laptopu. Paka akipita, kiungo kimojawapo kinalegea, na aya nzima inaishia "kkkkkkkk".

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni mambo ya mitandao, huwa ananisaidia kwa simu. "Mjomba, bonyeza kitufe cha Windows." Hakipo. "Kile chenye dirisha, Mjomba, chini kushoto." Mwanangu, kibodi hii imezaliwa kabla ya kitufe hicho, bonyeza Ctrl na Esc pamoja, menyu itafunguka ileile. Akanyamaza. Nadhani alikuwa anajaribu kwenye yake.

Nisiwe mtovu wa shukrani, kuna adapta moja inayonipa heshima mtaani: waya mfupi wa OTG, wa kuchomeka mausi kwenye simu. Watu hawaamini. Simu imeanguka, kioo bado kinaonyesha lakini tachi imekufa, fundi ameshataja bei ya kioo ambayo unaona afadhali simu ingezama tu baharini. Unachomeka mausi, na kama simu yenyewe inakubali OTG, kishale kidogo kinatokea katikati ya picha ya mjukuu. Unafungua kwa mausi, unahamisha picha, unanakili namba, unajibu ujumbe. Jirani yangu mmoja alilia. Tangu hapo mausi wangu halali nyumbani. Anaondoka na waya wa OTG, na akirudi, waya haurudi. Nikiuliza, naambiwa uko kwa shangazi Mbagala, naye ameuazimisha. Kibodi hakuna anayeiazima, ni nzito.

Mpwa akaona amalize kesi. Alikuja na zawadi kwenye boksi zuri, mausi isiyo na waya. "Mjomba, sasa adapta basi." Nikafungua mbele yake. Mausi ni nyepesi, imelala vizuri mkononi, kweli haina mkia. Chini yake kuna kishimo, na ndani ya kishimo kuna kidude cha kupokea mawimbi, ambacho unakitoa na kukichomeka kwenye kompyuta. Ni cha USB ile pana ya zamani. Tukatazama laptopu yangu, mimi na yeye, matundu mawili, USB-C na USB-C. Mpwa akasema kuna adapta ndogo sana ya hiyo, iko Kariakoo, haizidi shilingi elfu chache. Nikamuuliza kama inaingia tu au inafanya kazi. Akasema hii inafanya kazi kweli, Mjomba, na alikuwa na haki. Ila betri haikuwemo.