Jamu Iliyouzwa Mara Tano

Mama mchungaji hana mshahara wala barua ya ajira, lakini kwenye usharika wetu kule Machame ndiye anayejua funguo za stoo ziko wapi, sufuria za akina mama zimeazimwa na nani, na kwaya gani imenuniana na kwaya ipi. Mume wangu alipopelekwa Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana watumishi, nilifungasha vitenge nikijua naenda kuendelea na kazi ileile, safari hii kwenye baridi. Kufika, nikakuta cheo chenyewe hakipo. Mke wa mchungaji kule ni mke wa mtu, basi. Akitaka anakuja ibadani. Asipotaka anashinda bustanini kwake na hakuna kikao kitakachomjadili.

Tulipangiwa vijiji vya jimbo la Sachsen, mashariki mwa nchi. Ndiko walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, kwa hiyo unaweza kusema tulikwenda kuwasalimia wakwe. Ila mambo yamegeuka. KKKT, kanisa letu la Kilutheri la Tanzania, leo ina waumini zaidi ya milioni 6, na Kanisa la Kilutheri la Sachsen halifikishi hata milioni moja. Miaka arobaini ya serikali ya kikomunisti ilifanya kazi yake, halafu vijana wakahamia magharibi kutafuta ajira. Chukua wakazi watano wa jimbo lile, Mlutheri hafiki hata mmoja. Pamoja na hayo niliulizwa zaidi ya mara moja, kwa upole kabisa, kama kwetu Afrika Ukristo umeshafika.

Kanisa letu lilikuwa la mawe, kubwa, la kukaa watu mia nne. Jumapili ya kawaida tungeenea wote kwenye Hiace moja na konda angeendelea kuita abiria. Na wachache hao hawakai pamoja! Mmoja mbele kushoto, wawili nyuma ya nguzo, mabibi kule mwisho karibu na mlango. Siku yangu ya kwanza nilijikalia mahali palipokuwa wazi, na wazi palikuwa kila mahali. Bibi mmoja akaja akasimama pembeni yangu. Hasemi kitu, anatabasamu tu, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Nikasogea. Hapana, bado kasimama. Nikahamia benchi la mbele, ndipo akaketi, akashusha pumzi, akafungua kitabu cha nyimbo. Nafasi mia nne, na yeye anaitaka ileile ya mama yake.

Kwa uchache huo, mchungaji mmoja hubeba vijiji kadhaa na ibada huenda kwa zamu. Jumapili moja jarida la usharika liliandika ibada iko kijiji cha juu, na karatasi iliyobandikwa mlangoni ikasema kijiji cha chini. Mchungaji na mpiga kinanda wakaamini jarida. Sisi wengine tukaamini mlango. Kengele za kule zinajipiga zenyewe kwa umeme, kwa hiyo zililia juu na chini kwa bidii ileile, bila kuuliza nani yuko wapi. Huku chini mzee wa kanisa alisoma zaburi, tukasali Baba Yetu, tukanywa kahawa. Kule juu mume wangu aliendesha liturujia nzima kwa mpiga kinanda peke yake, akampa baraka, na yule mama akapiga wimbo wa kutokea, beti zote, mpaka mchungaji alipokuwa nje ya mlango akimsubiri ili amshike mkono. Utaratibu ni utaratibu.

Lakini kilichonishinda kukizoea ni sadaka. Kule sadaka yenyewe hukatwa na serikali: juu ya kodi yako ya mapato unakatwa asilimia 9 yake, inayopelekwa kwa kanisa lako. Ukichoka, unakwenda ofisi ya serikali, unajaza fomu ya kujitoa, na kujitoa kwenyewe kuna ada. Kikapu cha Jumapili ni nyongeza tu. Sisemi ni vibaya. Paa halivuji, kinanda kinakarabatiwa, mchungaji analipwa kwa wakati. Ila ni sadaka isiyo na raha. Sijawahi kusikia mtu aliyepiga vigelegele akielekea ofisi ya kodi.

Basi ikaja Sikukuu ya Mavuno, mwanzoni mwa Oktoba. Madhabahu ikapambwa maboga, tufaha, viazi, mikate na chupa za jamu. Nikasubiri mnada kama wa kwetu. Ibada ikaisha, watu wakavaa makoti, nikaambiwa vitu vyote vinapelekwa kwa wahitaji. Sawa, wahitaji wapate, lakini mavuno bila mnada? Nikamwomba mume wangu apeleke hoja kwenye baraza la wazee kwa mwaka unaofuata. Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko ibada ya Pasaka. Walijadili bima, usafi wa vyakula, na kama jamu iliyopikwa nyumbani inahitaji lebo. Mwishowe wakakubali, kwa majaribio.

Mwaka ukafika, nikasimama mbele na kitenge changu juu ya koti, boga mkononi. “Tunaanzia euro mbili!” Kimya. Mzee mmoja akauliza bei yake hasa ni ngapi. Nikamwambia bei haipo, ataisema yeye. Akaguna kwamba dukani linauzwa kwa kilo. Hatimaye mkulima aliyelileta boga lile akalinunua kwa euro tano, nadhani kwa huruma. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akishanunua anaweza kulirudisha mezani, liuzwe tena. Akalikumbatia boga lake. “Nimeshalipa,” akasema.

Aliyetuokoa ni yule bibi wa kiti cha ukoo. Alinunua chupa ya jamu ya stroberi kwa euro kumi, akageuka, akatangaza kwamba anamzawadia mpiga kinanda. Mpiga kinanda akasimama kama aliyechokozwa, akairudisha, akatoa kumi na tano, akamzawadia mchungaji. Mkulima akaliweka boga chini. Mnada ukachanganya. Mabibi wakahama mlangoni wakaja mbele, kitu ambacho mahubiri hayakuwahi kukifanya. Mtunza hazina alikuwa na jasho: chenji imemwishia, na kila mauzo anayaandikia risiti, tarehe, bidhaa, sahihi. Jamu ile moja ilipata risiti tano.

Baadaye barua ikatoka ofisi ya juu kuuliza usharika umewezaje kuuza mara tano chupa moja ambayo kwa mujibu wa orodha haikununuliwa na usharika wala haijulikani iko kwa nani. Mtunza hazina alijibu kwa kurasa mbili. Sasa mnada umo kwenye kalenda yao kila mwaka, na umewekewa kanuni: kitu kimoja kisiuzwe zaidi ya mara tatu, na boga halirudishwi. Ukipita Sachsen mwanzoni mwa Oktoba, karibu. Ila beba chenji, na usikae lile benchi la tatu kutoka mlangoni.